Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule anayekuja kuhesabu ajira zenu

Saa 11 alfajiri. Simu inalia, nazima, inalia tena, naamka. Kabla hata sijanawa uso nimeshasoma meseji ya bosi: "Usisahau namba ya ajira, wizarani wanaitaka leo." Namba, moja. Hawajawahi kutaka mbili.

Niwaeleze kwanza mi nafanya nini, manake hata ndugu zangu wameshakata tamaa ya kuelewa. Serikali inatoa ruzuku kwa biashara za urejelezaji, yaani wanaochakata plastiki, makaratasi, vioo, chuma chakavu, matairi na kadhalika, lengo likiwa taka zipungue na watu wapate kazi. Mi ni mtathmini. Sigawi hela, wala sizuii hela, nakuja nyuma hela ikishatoka naangalia imefanya nini. Nikisema hivyo mtu ananijibu "aah, mkaguzi wa hesabu." Siyo. Mkaguzi anauliza risiti iko wapi. Mi nauliza kama hela hii isingetolewa kabisa, ingekuwaje? Na nawaambia ukweli, mkaguzi anapendwa kuliko mimi, kwa sababu risiti mtu akiitafuta anaweza kuipata, lakini swali langu halina droo ya kutafutia jibu lake.

Saa 1 asubuhi nipo ofisini, barua pepe, sahihi, printa imegoma, kama kawaida.

Saa 2 napitia maombi mapya kidogo kabla ya kutoka, natoa maoni tu, uamuzi siyo wangu. Moja linanichekesha. Kampuni inaomba ruzuku ya mashine ya kuchambua plastiki kwa mwanga wa infraredi, ile inayotambua aina ya plastiki yenyewe na kuipuliza pembeni kwa hewa. Mashine nzuri sana, japo haioni plastiki nyeusi, manake rangi ile ya kaboni inameza mwanga wote, na hilo kwenye ombi hawajaligusa. Lakini siyo hilo lililonichekesha. Ukurasa wa pili wanasema mashine itafanya kazi ya wachambuaji wote wa mkono, ukurasa wa tano wanaahidi ajira zitaongezeka maradufu. Sasa jamani. Lawama nyingine ni ya fomu yetu, inatoa alama kwa tani na inatoa alama kwa ajira, utadhani hivyo vitu viwili ni marafiki siku zote. Tani nyingi kwa bei nafuu zinataka mashine. Ajira nyingi zinataka mikono. Mwombaji anajua anatakiwa aahidi vyote, basi anaahidi vyote. Nimeandika hilo pembeni kwa kalamu nyekundu, nikatoka.

Saa 3 kasoro niko getini kwa wachakataji wa chupa za plastiki waliopata ruzuku ya laini ya kuoshea, yaani mfululizo wa mashine za kuosha plastiki. Miadi saa 3. Mlinzi ananiambia mkurugenzi yuko njiani. Saa 3 na nusu yuko njiani. Saa 4 anapiga simu mwenyewe, "dada yangu samahani sana, foleni, dakika kumi tu." Nikaomba nianze na mhasibu, nikaambiwa mhasibu hawezi kufungua faili mpaka bosi awepo. Nikaomba nianze basi na uwanja wa marobota, nikaambiwa kwa usalama wangu nisubiri. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani ya malori, na ndo naona sasa faida ya kucheleweshwa, kwa sababu muda wote ule niliokaa pale mizani haikupima lori hata moja, wakati ripoti yao inasema malori yanaingia mchana kutwa. Siku moja siyo ushahidi, najua. Nimeiandika tu.

Saa 5 na kitu ndo anaingia. Mtu mchangamfu, sauti kubwa, ananiita mheshimiwa, mi siyo mheshimiwa. Ana wapiga picha wawili. Ananipeleka moja kwa moja kwenye laini mpya na kuanza kunieleza nini maana ya urejelezaji kwa dakika arobaini nzima, kwamba China ilipofunga milango kwa taka za nje mwaka 2018 dunia ilishtuka, kwamba mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, umebanwa tangu Januari 2021 na taka chafu za plastiki hazivuki mipaka kirahisi kama zamani, kwa hiyo yeye ndo mkombozi. Yote kweli isipokuwa hilo la mwisho. Nikamwacha amalize. Kwenye kazi hii ukimkata mtu hotuba yake anaianza upya.

Sasa laini yenyewe niseme haki yake: ipo, ni mpya, inafanya kazi. Nimeona wengine wamenunua mashine ikabaki na karatasi lake la nailoni. Hapa chupa zinaingia, zinasagwa, zinaoshwa, vipande vya PET, yaani plastiki ya chupa yenyewe, vinazama kwenye maji na vizibo vinaelea, vinatenganishwa hapohapo kwa uzito tu bila ujanja wowote. Inapendeza kuangalia, mi bado napenda kuiangalia.

Kwenye mkanda wa kuchambulia kulikuwa na mama mmoja, mkono unakwenda mbio hata macho hayaufuati. Kila muda anachomoa chupa moja anaitupa pembeni. Nikamuuliza mama hizo zina shida gani, akanigeuzia kitako cha chupa, "hii ina mstari, ile ina kidoti. Ya mstari ikipita inachoma mzigo wote." Ni PVC hiyo anaisema, plastiki ya aina nyingine. Kwenye joto la kuyeyushia PET, yenyewe inakuwa imeshaungua na kutoa tindikali, kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu mzigo mkubwa ukawa na rangi ya njano na madoa meusi. Kuna makabrasha ya kurasa nyingi kuhusu hili nimeyasoma, huyu kalisema kwa sentensi moja huku anafanya kazi.

Nikamuuliza alikuwa wapi kabla. Akasema alikuwa anaokota dampo na kuja kuuza hapahapa kwa kilo. Sasa analipwa mwezi, ana glovu, ana buti. Haya, nisaidieni, hiyo ni ajira mpya? Kwenye karatasi ya mkurugenzi ni mpya. Kwa kanuni zetu ni mtu aliyekuwa na kipato kwenye mnyororo uleule, sasa kipato kimebadilika sura. Kwangu mimi ni badiliko kubwa kuliko ajira nyingi "mpya" ninazoziona, lakini fomu haina kisanduku cha "ameacha kulala na homa za dampo", ina kisanduku cha ndiyo na hapana. Na kuna upande mwingine ambao hakuna anayeuliza: wale wenzake waliobaki dampo, kiwanda kikianza kununua kwa malori ya makampuni badala ya magunia yao, ajira zao zinahesabiwa wapi? Mi nauliza. Huwa najibiwa kwamba hilo liko nje ya hadidu za rejea.

Tukaingia ofisini. Hapa ndo siku ilipoanza kunielemea.

Ajira zilizoripotiwa: 40. Naomba orodha ya mishahara. Inakuja orodha ya majina, siyo ya mishahara. Naomba ya mishahara. Mhasibu anamwangalia bosi, bosi anamwangalia mhasibu, mi naangalia feni. Inakuja. Watu 9 kati ya hao 40 wana namba za ajira za zamani kabisa, kumbe walikuwa kwenye kampuni nyingine ya mkurugenzi huyohuyo, ukuta kwa ukuta, wakahamishiwa hapa ruzuku ilipotoka. Hiyo ni kutoa hela mfuko wa kushoto ukatia wa kulia afu ukasema umeokota. Nikamwambia kwa upole, kaka, hawa siwezi kuwahesabu. Akasema "lakini wanafanya kazi!" Ndiyo wanafanya kazi. Walikuwa wanafanya kazi na mwanzo.

Zimebaki 31. Kati yao 14 ni vibarua, wanaitwa mzigo ukiwepo. Mkurugenzi anasema mtu ni mtu. Sawa, mtu ni mtu, ila kwa hesabu za ajira tunageuza masaa kuwa kazi za muda wote, vinginevyo nikimwita mtu asubuhi moja kwa mwaka nitakuwa nimemwajiri. Msimamizi wa zamu, kijana mtulivu sana ambaye siku nzima hakuna aliyemsemesha, akatoa daftari lake. Daftari la kawaida, limechakaa, lakini kila zamu ipo, kila jina lipo, na chini ya kila mwezi jumla. Masaa ya vibarua wote kwa mwaka ni kama 10,000. Mtu mmoja wa muda wote kwetu ni masaa 2,000. Kwa hiyo vibarua 14 ni ajira 5. Ukichanganya na wale 17 wa kudumu unapata 22. Mkurugenzi akaniambia nimemfukuzia watu 18 kwa kalamu. Nikamwambia wote bado wapo hapo nje. Hakucheka.

Halafu tani. Ripoti inasema zimeingia tani 600, zimetoka tani 600. Jamani! Robota la chupa lina vizibo, lebo, mchanga, maji, vitu vingine hata sitaki kuvitaja. Kawaida sehemu ya tano inapotea na mara nyingi ni zaidi ya hapo. Mtu akiniletea tani 600 na 430 nalala vizuri. Tani zikilingana hivyo najua mtu amekaa mezani akaandika, hajapima. Nikaomba tiketi za mizani zenyewe. Mhasibu akasema atanitumia.

Nimeacha swali langu la mwisho makusudi, huwa naliweka mtu akiwa amechoka. Nikamuuliza, kama usingepata ruzuku, hii laini ungeinunua? Na yeye, kwa kifua mbele kabisa: "Mheshimiwa, mi si mtu wa kusubiri serikali! Ningeinunua tu!"

Akaegemea kiti anatabasamu. Mhasibu akafumba macho, alielewa.

Manake kama ungeinunua tu, basi ruzuku haikuleta hata ajira moja, hela ya umma imelipia kitu ambacho kingetokea chenyewe. Mtu amejivunia mwenyewe akajiweka sifuri. Wengine wajanja wanasema "tungefunga kabisa", na hao nao siwaamini, ndo maana maneno tunayaweka pembeni tunatafuta karatasi. Nikaomba barua za benki na ankara ya mashine. Malipo ya awali yalifanyika kabla ya ruzuku kuidhinishwa, hapo nikajua ndo imeisha. Lakini nikasoma tena. Kilicholipiwa mwanzo ni mashine ya kusagia tu. Laini ya kuoshea iliongezwa kwenye oda baada ya ruzuku, na kuna barua ya benki ya kumkatalia mkopo wa laini hiyohiyo. Kwa hiyo majigambo yake siyo kweli, asingeinunua, na uongo wake ulikuwa unamwumiza yeye mwenyewe. Wanaofanya kazi kwenye kuosha ni 12. Hao nina uhakika nao. Wengine inategemea unaamini nini kuhusu ile mashine ya kusagia.

Nimetoka pale sijui saa ngapi, jua lilikuwa limeshakaa vibaya. Bosi alikuwa amepiga mara nyingi. Nikampigia, akauliza "ni ngapi?" Nikasema kati ya 12 na 22. Kimya. "Niandike ngapi sasa?" Andika kati ya 12 na 22. "Wizarani hawana kisanduku cha kati." Nikamwambia basi waandike 12 na maelezo chini. Akasema waziri hasomi maelezo ya chini. Tumebishana hapo barabarani mpaka chaji ikaanza kulia, na sikubadilisha. Natembea na uchovu wangu lakini hilo sijawahi kulibadilisha, 40 ingemfurahisha kila mtu na mwakani tungetoa ruzuku ileile kwa mtindo uleule kwa watu wa kuhamisha majina.

Nyumbani usiku. OECD, ile jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, ina vigezo sita vya tathmini, kigezo cha sita kilichoongezwa 2019 kinauliza kama mpango mmoja unapatana na mipango mingine. Nimekiangalia hicho kigezo kwenye skrini muda mrefu nikiwaza ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo inayolipia kuondoa waokotaji kwenye dampo mwezi huuhuu. Nimeandika aya moja. Nikafuta neno "aibu", nikaweka "changamoto ya uratibu".

Nilishafunga laptopu kabisa. Ikaingia barua pepe ya mhasibu, tiketi za mizani, za mwaka mzima! Nikasema nichungulie tu tani halisi ni ngapi, dakika moja. Faili lina nywila. Nikampigia, hapatikani. Nikamwandikia. Ananijibu mkurugenzi badala yake, na kidole gumba, na picha yangu nimesimama mbele ya mashine na kofia ya usalama imekaa upande.