Sambusa na Kapuchino Kabla ya Ndege ya Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Nyerere ilikuwa nyeupe kabisa. Teksi ilipita juu ya Daraja la Mfugale pale Tazara bila kusimama, na muda si mrefu nikashuka Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere. Ndege ilikuwa ya saa mbili.

Jengo hili lililofunguliwa Agosti 2019 linahudumia safari za nje, kwa hiyo sharti la vimiminika kutozidi mililita 100 linabana. Andazi litapita kwenye mashine ya ukaguzi. Kikombe cha kahawa kitaishia kwenye pipa. Malizana kwanza na mizigo, uhamiaji na ukaguzi, ndipo utafute kaunta ya vitafunwa.

Kwenye kabati la kioo kulikuwa na krosanti (mikate ya matabaka na siagi), pai za nyama, keki na sambusa. Krosanti inapendeza macho, lakini ganda lake likikaa wazi kwenye unyevu wa Dar hulegea baada ya saa chache tu. Ukitaka ipashwe, uliza inapashwa kwenye nini. Oveni yenye joto la nyuzi 160 huirudishia ukavu kwa dakika nne au tano. Maikrowevu huyageuza kuwa mvuke maji yaliyomo ndani, ganda likalowa, na ikipoa inavutika kama mpira. Kama hakuna oveni, bora uile ya baridi.

Sambusa nazo zikirundikwa zingali za moto, mvuke hukosa pa kutokea na za chini hulainika. Omba za juu. Nilipewa mbili za nyama. Ncha ilikatika kwa kidole, na karatasi ilikuwa na doa dogo tu la mafuta.

“Dada, naomba kapuchino, maziwa yasichemke sana.”

“Sawa kaka, subiri kidogo.”

Kahawa ya mashine hujulikana kwa macho. Gramu 18 za unga wa kahawa hutoa takriban gramu 36 za espreso, kahawa nzito ya msingi wa kapuchino, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikimwagika kwa sekunde 15, unga una chembe kubwa mno na utapata maji yenye uchachu. Ikidondoka tone kwa tone hadi sekunde 45, itakuwa chungu. Huyu dada alifyatua mvuke kidogo kwanza, akafuta bomba kwa kitambaa, kisha akazamisha ncha yake juujuu kwenye maziwa. Akazima mvuke jagi lilipoanza kuunguza kiganja, kama nyuzi 60 hivi. Yakizidi 70, utamu hupotea na harufu ya maziwa yaliyoungua hubaki. Povu lilikuwa zito, linang'aa, halina mapovu makubwa. Mimi bado naipenda kahawa ya birika ya Kariakoo na kashata yake, ila hii ilitengenezwa kwa heshima.

Kulipa kwa simu kunakubalika, lakini mtandao ukisuasua foleni nzima inasimama. Shika noti ndogo. Kwa kutengenezewa, kulipa na kunywa bila kujiunguza, tenga dakika 25, na uzihesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kupanda iliyoandikwa kwenye pasi ya kupandia ndege, maana mlango hufungwa mapema kuliko saa ya kuruka.