Msinibebe

Niliondoka Dar mwaka 2009 kwa miguu yangu miwili na begi moja lililojaa dagaa, unga na kanga za kugawa. Nimerudi mwaka huu nikiwa nimekaa. Katikati kuna miaka mingi ya Denver, Marekani, barafu kwenye barabara kuu usiku mmoja wa Januari 2016, gari lililopinduka, na miezi hospitalini nikijifunza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti mwendo bila kuanguka. Hayo wanaonijua wameshayasikia, sitayarudia. Leo nataka kusimulia ngazi.

Jengo la Tatu pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere lilifunguliwa 2019, kwa hiyo sikuwa nimeliona. Lifti zinafanya kazi. Choo kina nafasi ya kugeuza kiti. Nikasema moyoni, kumbe mji wetu umekua! Kisha nikafika Magomeni.

Nyumba yetu ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Nimezaliwa humo na sikuwahi kujua kwamba baraza lina kimo cha sentimita 40. Nani hupima baraza la kwao? Binamu zangu wakashika kiti, mmoja kila upande, moja, mbili, tatu, nikawa ndani. Mlango wa choo ukawa kisa kingine. Kiti changu kina upana wa sentimita 64, mlango una 62. Usiku uleule mjomba alichukua nyundo na tindo akang'oa fremu, na kwa wiki mbili tukatumia pazia. Mama akawa anacheka huku anafuta machozi. Akaniambia, "Mwanangu, usiwaze mlango. Watu tupo."

Watu tupo. Tangu nirudi nimelisikia neno hilo kila mahali, na linasemwa kwa upendo wa kweli. Nimeanza kuona kwamba ndilo sheria pekee ya ulemavu inayotekelezwa mtaani kwetu bila kukosa hata siku moja.

Ngoja niwape mfano wa ofisi. Nilikwenda kufuatilia karatasi za kiwanja alichotuachia marehemu baba. Ofisi sitaitaja. Iko ghorofa ya pili, na lifti ina karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, imeandikwa "mbovu". Karatasi yenyewe imeshageuka rangi. Mlinzi akaita watu: vijana wawili wa bodaboda, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni, na yeye mwenyewe. Wakanibeba. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nimevaa dera na mtandio, na wanaume wanne nisiowajua wamenishika popote palipowezekana kushikika. Mkono wa mmoja ulikuwa mahali ambapo hata daktari angeomba ruhusa kwanza. Sidhani kama alikusudia. Ngazi ni nyembamba, mtu unashika usiangushe. Yule mzee alikuwa anahema, akisema, "Ndiyo dunia, hujafa hujaumbika." Naijua methali hiyo tangu utotoni, nami nimewahi kuwasemea wengine. Lakini sasa niko upande wa pili, nasikia kwamba mimi ndiye mawaidha.

Nikafika juu. Ofisa akatazama faili akasema inakosekana nakala ya kitambulisho. Fotokopi iko chini, barabarani.

Sasa niwarudishe Denver kidogo, na nianze kwa kukiri. Kabla ya ajali nilikuwa napanda basi namba 15, lile linalopita Barabara ya Colfax kutoka mashariki kwenda mjini, nikiwahi zamu ya alfajiri ya kuhudumia wazee. Kila mara kulikuwa na abiria wa kiti mwendo. Dereva anabonyeza kitufe, basi linainama upande wa mlango kama ngamia, ubao unafunguka, abiria anaingia, dereva anainuka kufunga mikanda ya magurudumu. Dakika tatu, nne. Nami nilikuwa nasonya. Ndiyo, nilisonya! Kimoyomoyo, lakini nilisonya, maana zamu ilikuwa haingoji mtu. Miaka saba baadaye nikawa mimi ndiye nasubiriwa. Wakanisubiri. Wengine waliangalia simu, wengine walisinzia, hakuna aliyesema pole. Nilipokuwa mgeni kwenye kiti ilinichoma, nikaona watu hawa hawana utu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile baridi yao ilikuwa heshima ya aina fulani: nauli nimelipa, basi ni langu pia, kuna haja gani ya pole?

Pale Colfax inapokutana na Broadway kuna kibao chenye majina kumi na tisa. Nilipita mbele yake kwa miaka bila kukisoma, kwa sababu mtu mwenye haraka hasomi vibao. Nilikisoma nikiwa kwenye kiti. Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi mawili ya jiji kwenye makutano hayo. Wengine waliteremka kwenye viti vyao wakalala lami, usiku kucha, kwa sababu shirika la usafiri lilikuwa limenunua mabasi mapya yasiyo na lifti. Basi langu la 15 lilikuwa linainama kwa sababu ya usiku ule. Miaka kumi na miwili baadaye, Machi 1990, wengine waliacha viti vyao chini ya ngazi za Bunge la Marekani pale Washington wakapanda kwa kutambaa, na Julai 26 mwaka huohuo sheria yao kubwa ya watu wenye ulemavu ikatiwa saini. Nasema haya si kwa kuwasifia. Reli za chini za New York mpaka leo vituo vyake vingi havina lifti, na majira ya baridi magari ya manispaa ya Denver hukwangua theluji yakaisukuma palepale kwenye kijiteremko cha kiti mwendo, ukabaki umeduwaa. Ila kule ukizuiliwa unaweza kumpeleka mtu mahakamani. Mwenye duka anajua hilo. Anajenga mteremko kwa sababu wakili wake amemwambia ajenge, na mimi napita juu yake bila kujali kama mwenye duka ananipenda au hanipendi.

Nasi tumekuwa na usiku wetu. Mwaka 2017 madereva wa bajaji wenye ulemavu walikusanyika katikati ya Dar kudai waruhusiwe kuingia na bajaji zao mjini, ambako ndiko riziki ilipo. Polisi wakawatawanya kwa nguvu. Niliziona picha nikiwa Denver, zilikuja kwenye kundi la WhatsApp la familia kati ya salamu za Ijumaa na tangazo la kitchen party. Sijaona kibao chenye majina yao mahali popote.

Jamaa yangu mmoja aliniambia, "Dada, sheria si ipo?" Ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uleule nilioondoka, na 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nimeisoma, tena kwa kalamu mkononi. Inapofika kwenye ajira inajua kuhesabu: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, lakini namba ipo, mtu anaweza kwenda kiwandani akahesabu vichwa. Inapofika kwenye milango na ngazi, lugha inalainika. Mazingira yafikike, yasiwe na vikwazo. Nani atakataa? Na nani atapima? Chombo kilichoundwa juu yake ni baraza la ushauri. Ushauri! Nchi hii mtu akikushauri unamshukuru, unamkaribisha chai, unaendelea na ulilokuwa unafanya.

Ndiyo maana kila hotuba siku hizi ina maneno "miundombinu rafiki". Hasa ikifika tarehe 3 Desemba, siku yetu duniani, tunapogawiwa fulana na juisi. Mimi neno rafiki linanitia wasiwasi. Rafiki ndiye anayeweza kukuahidi saa nne akatokea saa kumi, na ukamsamehe.

Ninachotaka ni namba. Mteremko wa kiti mwendo una hesabu ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaifuata: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, uwe na sentimita 12 za urefu. Nilikwenda na mpwa wangu na futi ya fundi kwenye jengo moja jipya lenye vioo vya kung'aa, lina mteremko mbele na mchoro wa kiti mwendo umepakwa rangi ya bluu. Kimo cha kupanda ni sentimita 54. Kwa hesabu ile, mteremko ungekuwa na urefu wa karibu mita sita na nusu. Tulipima mita moja na sentimita 90, tena vigae vya kuteleza. Huo ni mtelezo wa watoto wa kuchezea. Na bodaboda mbili zilikuwa zimeegeshwa juu yake, kwa hiyo hata mtelezo wenyewe ulikuwa umejaa.

Jengo lile lilipewa kibali. Kuna mchoro uliopelekwa halmashauri, kuna mtu aliyeuangalia akagonga muhuri. Hapo ndipo sheria ingekaa: mchoro usio na mteremko wa kipimo, mlango wa upana unaotajwa kwa sentimita na choo cha kugeuzia kiti, usigongwe muhuri. Jengo likiisha lipimwe tena kabla mtu hajahamia. Na mimi raia nikikwama mlangoni niwe na mahali pa kupeleka malalamiko, pawe na siku za kujibiwa, na faini iwepo, tena yenye kuuma. Mabasi ya mijini vilevile: leseni ya njia ni karatasi inayotolewa na mamlaka, na karatasi inaweza kuwa na sharti.

Mtasema tunaota, hatuna uwezo huo. Lakini mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza 2016 ulijengwa hivyo. Vituo vimeinuliwa vikalingana na sakafu ya basi, njia ya kupandia ni mteremko. Nilipanda Magomeni Mapipa nikaenda mpaka Kivukoni bila mtu kunigusa, saa tano asubuhi. Saa kumi na moja jioni ni habari nyingine, wenyewe mnajua watu wanavyoingia. Hapo hata mwenye miguu mitatu hapandi. Hata hivyo zege liko pale, limemwagwa kwa kipimo, kwa sababu lilikuwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Na gharama? Pale nyumbani fundi alitupigia mteremko wa baraza, mita nne na sentimita 80, ukakunjwa pembeni mwa ukuta kwa sababu mbele hapakutosha. Saruji, mchanga, kokoto, siku tatu za kazi. Kikwazo kilikuwa mama, maana mteremko ulimlia sehemu anayokaangia vitumbua. Tulijadiliana kama Umoja wa Mataifa. Sasa jiko limehamia upande wa mwarobaini, na muuza maji anapandisha mkokoteni wake mpaka mlangoni bila kuomba. Kujenga mteremko pamoja na jengo ni mifuko ya saruji. Kuja kuvunja ngazi baadaye ndiko kunakokula fedha.

Nimeongea viti tu kwa sababu ndicho ninachokijua kwa makalio yangu. Asiyeona anayetafuta namba ya dirisha iliyoandikwa kwenye karatasi, kiziwi anayeitwa jina kwa spika zahanati akapitwa na zamu, hao wana ngazi zao na watazisema wenyewe vizuri kuliko mimi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Jambo jema sana. Swali langu ni dogo: dirisha la kuombea hiyo 2 liko ghorofa ya ngapi?

Wiki iliyopita nilirudi ile ofisi ya kiwanja. Lifti bado mbovu. Mlinzi akaniona, akaanza kuita vijana, nikamwambia, "Kaka, asante. Leo msinibebe." Akadhani sijamwelewa. Nikafunga breki za kiti palepale chini ya ngazi, nikatoa maji yangu na karanga, nikamwomba apande amwambie ofisa kwamba mwananchi yuko chini na faili lake. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena. Watu wakawa wanapita ubavu ubavu, wengine wananiambia pole, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaketi ngazi ya kwanza akasema naye atangoja hapo, magoti yanamuuma. Ilikwenda saa moja na dakika arobaini. Ofisa akashuka na faili kwapani, kanuna, akasaini akiwa ameinama juu ya paja langu kwa sababu meza haikuwepo.

Mlinzi akanisindikiza mpaka barabarani. "Lakini dada," akasema, "si ungekubali tu tukubebe? Ungekuwa umeshaondoka zamani."

Alhamisi ijayo narudi kuchukua hati. Nimemwambia aniwekee nafasi yangu palepale chini ya ngazi, na kama ana kiti cha plastiki, kimoja cha yule mama wa magoti.