Injini Ikiwaka, Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza: Kufufua Peugeot 504 kwa Safari Ndefu

Watu wengi wanaofufua gari lililolala kwa miaka mingi huipima kazi yao kwa mlio wa injini. Injini ikishanguruma wanapongezana, wanalipiga gari picha, na papo hapo wanaanza kupanga tarehe ya safari. Nimeifanya kazi hiyo kwenye Peugeot 504, stesheni wagoni, kwa nia ya kuvuka nayo nchi kutoka mpaka hadi mpaka, na msimamo niliotoka nao ni kwamba injini ndiyo inayostahimili usingizi kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa oili. Kinachokufa gari likisimama ni mpira, vimiminika, na kila kitu kinachopaswa kuteleza ndani ya kingine. Na hivyo ndivyo vinavyolisimamisha gari, kulipoza na kulishikilia barabarani.

504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, kisha ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Sifa hizo ni za haki, lakini zilipatikana na magari yaliyokuwa yakikaguliwa na mafundi kila yaliposimama. Ukakamavu wake humfanya mmiliki aamini kwamba gari litavumilia uzembe wowote, na ndipo anapomimina petroli mpya juu ya ile ya zamani, anafunga betri mpya na kuwasha.

Petroli ya zamani si petroli tena. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto kwa urahisi, hupotea kwa kugeuka mvuke, na kinachobaki huganda taratibu kuwa utomvu wa kahawia wenye harufu kali ya vanishi. Ikiwa petroli hiyo ilichanganywa na ethanoli, huvuta unyevu wa hewa, na maji yakizidi hujitenga na kushuka chini ya tangi, mahali pale pale bomba linapofyonzea. Tuliteremsha tangi, na tulipomulika tochi ndani tukaona mstari wa kutu uliokuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula, ukionyesha kimo ambacho mafuta yalisimama kwa muda mrefu zaidi. Tangi la namna hiyo halisafishwi kwa kusuuzwa tu. Letu liliwekwa maji yenye asidi ya sitriki, likaachwa lilowe hadi kutu ikalainika, likasuuzwa, likakaushwa kwa hewa ya moto mara moja, kwa sababu chuma kilichotoka kuvuliwa kutu huanza kupata nyingine kabla hujamaliza kufuta mikono.

Mabomba ya mpira ya mafuta yalibadilishwa yote, na pampu ikapata kiwambo kipya kinachovumilia ethanoli. Kabla ya pampu nilifunga chujio linaloonyesha ndani, ili niione takataka kabla haijafika kwenye kabureta. Kabureta yenyewe ilifunguliwa, boya likapimwa kama limeingiza mafuta ndani, na jeti, yaani vijitundu vinavyopitisha mafuta, zikapulizwa kwa hewa ya kompresa. Hapa wapo mafundi wanaozichokoa jeti kwa waya, nami sikubaliani nao: tundu la jeti limepimwa kwa sehemu za milimita, na waya ukilipanua kidogo tu, mchanganyiko wa hewa na mafuta hauwi tena ule uliokusudiwa.

Injini haikuchukua muda mwingi. Plagi zilitolewa, oili kidogo ikamiminwa katika kila silinda, ikaachwa hadi kesho yake ipenye kwenye ringi za pistoni, kisha kwa spana kwenye boliti ya kapi la kranki nikaizungusha kwa mkono, gia ikiwa huru. Mkono huhisi mambo ambayo stata haiwezi kuhisi. Pakiwa na ringi iliyogandamana au valvu iliyokwama, spana hugoma na wewe unaacha, ilhali stata ingelazimisha na kuvunja. Baada ya hapo oili yote ilimwagwa na chujio likabadilishwa, tukaiendesha stata plagi zikiwa bado nje hadi taa ya oili ikazimika, ndipo plagi zikarudishwa. Pointi za distribyuta zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, zikasuguliwa kwa msasa laini. Injini ikawaka, na moshi wa buluu wa ile oili niliyoimimina ukajaa gereji nzima.

Baadhi ya watu walinitia hofu kwamba viti vya valvu vitalika kwa petroli isiyo na madini ya risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa vituoni tangu Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilipoacha ile yenye risasi mwaka 2021. Kwa injini hii hofu hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, hivyo viti vya valvu ni vya chuma kingine kilichopachikwa, tofauti na injini nyingi za zamani ambazo valvu hugonga moja kwa moja kwenye chuma cha hedi.

Suala la maji, kwa upande mwingine, linahitaji uangalifu mkubwa. Silinda za 504 ni mikebe inayozungukwa na maji moja kwa moja, na chini ya kila mkebe pana sili inayozuia maji yasiingie kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Maji ya bomba yaliyokaa humo kwa miaka bila dawa ya kuzuia kutu huila alumini na kuzilegeza sili hizo. Dalili yake ni oili iliyobadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Yangu ilikuwa safi, na kwa sababu hiyo nilikataa kabisa ushauri wa kufungua hedi ili tuangalie tu ndani. Hedi ikishalegezwa, mikebe huweza kusogea, na ikisogea sili zilizokuwa nzima huanza kuvuja. Rejeta ilisafishwa, mipira yote ya maji ikawa mipya, thamostati ikajaribiwa ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto. Feni ya gari hili ina klachi ya sumakuumeme inayoshika tu maji yanapopata joto, na umeme wake hupitia kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua nyuma ya kapi. Kaboni hiyo ikiisha, feni hubaki ikijizungukia bila nguvu, na dereva hugundua katikati ya mlima.

Breki ndizo zilizokula muda wangu mwingi, na ningemshauri yeyote aanze nazo kabla hata ya kugusa plagi. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani hata gari likiwa limesimama. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Katika mteremko mrefu joto hilo hufikiwa, mafuta yanatoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Maji hayo hayo ndiyo yanayotia kutu ndani ya masta silinda na kuzigandisha pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki.

Kilichonishangaza zaidi ni hosi za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu ya mbele. Kwa nje zilionekana nzima, hata hazikuwa na nyufa. Tulipokanyaga pedali gurudumu la kushoto lilishika vizuri, lakini tulipoachia halikuachia. Tuliikata hosi hiyo kwa kisu kwa urefu wake tukakuta mpira wa ndani umevimba na kuacha tundu jembamba kuliko kijiti cha kiberiti: mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Gari la namna hiyo husafiri likiwa limejifunga breki upande mmoja, likipasha gurudumu moto na kumwaga mafuta bure. Hosi zote zilibadilishwa, kalipa na silinda za nyuma zikapata sili mpya, na mabomba ya chuma yaliyokuwa na kutu yakatengenezwa upya.

Kuhusu tairi sina mjadala. Tairi lenye meno mazuri linaweza kuwa limekufa, maana mpira huzeeka hata ukiwa kivulini. Tarehe imeandikwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, kwa tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya hapo na halina kazi barabarani. Rangi na viti nimeviacha kama vilivyo, jambo linalowaudhi marafiki zangu.

Kisha zikaja safari za majaribio, ambazo watu hupenda kuziruka. Nilianza na mizunguko ya karibu, mahali ambapo ningeweza kurudi kwa miguu, nikaongeza umbali kidogo kidogo, na kila niliporudi nilirekebisha jambo moja tu. Ukirekebisha kabureta, taimingi na plagi kwa siku moja, halafu gari likaanza kukohoa, hutajua umlaumu nani. Ni katika safari hizo ambapo injini ilizimika jua likiwa kali, kwa sababu petroli ilikuwa ikigeuka mvuke ndani ya bomba lililopita karibu mno na ekzosi. Tulilihamisha bomba na tatizo likaisha. Katika gereji lisingeonekana kamwe.

Safari yenyewe ilipofika, sanduku la vipuri lilikuwa na pointi na kondensa, feni belti, kaboni ya feni, mpira wa juu wa rejeta, kiwambo cha pampu na chupa iliyofungwa ya mafuta ya breki. Kila niliposimama kujaza petroli nilizunguka gari na kuweka kiganja karibu na kila gurudumu kabla ya kuligusa. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuwa na joto linalofanana, na ya nyuma vivyo hivyo. Siku ya pili la nyuma kulia lilikuwa na joto kuliko mwenzake. Nilipoinua gari kwa jeki nikakuta kebo ya hendibreki imebana, nikailegeza kwa spana ndogo, na kituo kilichofuata yakawa sawa.