Kulizunguka Ziwa Victoria kwa Gari: Tozo ya Barabara Isikukalishe Nyumbani

Kila mara shule zinapokaribia kufungwa, hapa Mwanza huwa nasikia mazungumzo yaleyale. Mtu ana gari zima, ana hati ya kusafiria, ana familia yenye hamu ya kuona nchi za jirani, lakini anaahirisha safari kwa sababu ameambiwa kwamba huko nje kuna barabara za kulipia na kwamba fedha yake yote itaishia vizuizini. Shemeji yangu mmoja, ambaye ninamheshimu sana na ambaye amesafiri kuliko sisi, alimwambia mume wangu waziwazi kwamba ni heri tupande basi. Hatukupanda basi. Tuliendesha wenyewe, kwa zamu, tukalizunguka ziwa lote, na nimerudi nikiwa na hakika kwamba hofu ya tozo inawanyima watu wa huku likizo nzuri kuliko zote zinazoweza kuanzia mlangoni kwetu bila tiketi ya ndege.

Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania, sehemu kubwa ya iliyobaki iko Uganda na kipande kidogo kiko Kenya. Kulizunguka ni kuvuka mipaka mitatu. Unatoka Mwanza kwa njia ya Magu, Lamadi na Bunda, unavuka Sirari kuingia Isebania, unapita Migori na Kisii hadi Kisumu, kisha unaelekea Busia, Jinja na Kampala, unashuka Masaka, unavuka Mutukula na kurudi nyumbani kupitia Bukoba, Biharamulo, Geita na Sengerema. Nchi zote tatu huendesha upande wa kushoto na leseni ya Tanzania inatambuliwa, kwa hiyo dereva wa Mwanza hana jipya kubwa la kujifunza kwenye usukani. Katika mzunguko huo mzima, barabara tuliyotakiwa kuilipia kituoni ni moja tu, nayo ni ile ya mchepuko kutoka Kampala kwenda Entebbe.

Ninaielewa asili ya hofu hiyo. Sisi tumezoea kuchangia barabara tukiwa kwenye kituo cha mafuta, kwa tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita, ambayo haionekani kwa macho na haina mtu anayenyoosha mkono dirishani. Ukiondoa Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, Watanzania wengi hawajawahi kusimamishwa barabarani walipe ndipo wapite. Hata hivyo, watu wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Kwa miaka mingi tulikata tiketi ya kivuko pale Kigongo kwenda Busisi, gari kwa bei yake na abiria kwa bei yake, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo asingekwenda Sengerema kumwona mama yake. Kituo cha tozo ni kivuko kisicho na maji: kuna chati ya bei, kuna mhudumu, kuna risiti, halafu unapita.

Barabara hiyo ya mwendokasi, Kampala–Entebbe Expressway, ilifunguliwa mwaka 2018, ikajengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo kutoka China, na ikaanza kutozwa fedha mwezi Januari 2022. Ukijumlisha tawi lake liendalo Munyonyo, kandokando ya ziwa, urefu wake ni takriban kilomita 51. Tozo ilipoanza, gari dogo la kawaida lilipangiwa shilingi 5,000 za Uganda kwa safari moja, kiasi ambacho kwa fedha yetu hakifiki elfu nne, na malori makubwa yakapangiwa hadi shilingi 18,000 kulingana na idadi ya ekseli. Jambo linalowasumbua wageni ni kwamba bei hiyo haipimwi kwa kilomita. Ukienda mwanzo hadi mwisho unalipa kiasi kilekile anacholipa mtu aliyeingia na kutoka karibu, kwa hiyo anayekwenda mbali ndiye anayefaidi zaidi.

Tulipokaribia kituo, mtoto wetu wa pili, ambaye tulimpa kazi ya kuwa mweka hazina wa safari, alikuwa ameshatoa noti ya kijani ya elfu tano kwenye bahasha na kuinyoosha juu ya magoti yake. Bei zimeandikwa kwenye ubao kwa namba kubwa kufuatana na aina ya gari, na alizisoma kwa sauti kabla hatujafika dirishani. Mhudumu alikuwa binti mdogo aliyevaa sare nadhifu. Alitazama namba yetu ya gari, akatabasamu, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "mnatoka Tanzania?" Nikamjibu, "Ndiyo dada, tunatoka Mwanza." Akapokea noti, akanipa risiti ndogo yenye saa na tarehe, akasema "Karibuni Uganda," na kizuizi kikainuka. Shughuli nzima ilichukua muda mfupi kuliko kumimina mafuta ya elfu kumi. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kimya tangu Busega ya Kampala, barabara hiyo inapoanzia, akifikiria maneno ya shemeji, alicheka kwa furaha ya kweli.

Kinachofuata baada ya kizuizi ndicho kinachostahili fedha hiyo. Barabara ina njia mbili kila upande, haina matuta, haina bodaboda zinazochomoza kutoka vichochoroni, na mwendo unaoruhusiwa unafika kilomita 100 kwa saa. Mahali fulani ardhi inaisha chini yako na unajikuta kwenye daraja la Nambigirwa, ambalo lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na limejengwa juu ya kinamasi cha mafunjo. Tuliteremsha vioo. Harufu ilikuwa ileile ya kandokando ya ziwa letu, ya matope na majani mabichi, na mafunjo yalienea pande zote mbili hadi macho yalipochoka. Haifai kusimama pale, na wala usijaribu, lakini ukimwachia mwenzako usukani utaona mengi kwa dakika hizo chache.

Nataka pia niseme wazi kwamba kuwa na fedha ya tozo hakukulazimishi kuilipa kila wakati. Ile barabara ya zamani ya Entebbe, inayopita Zana na Kajjansi, bado ipo na haina malipo. Ni ya polepole, jioni hujaa magari, lakini ina maduka, ina matunda yaliyopangwa kwenye meza, ina wakaangaji wa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ambao watoto wangu wanawakumbuka kuliko jengo lolote la Kampala. Maoni yangu ni kwamba msafiri wa likizo alipie barabara anapotaka kuwahi, kwa mfano akiwa na watoto waliochoka au jua linapokaribia kuzama, na apite ile ya bure anapotaka kuona watu wanavyoishi. Sisi tulikwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine, na sijutii hata moja.

Kwa anayetokea Jinja kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Huna haja ya kuingia katikati ya jiji la Kampala. Ukifika Bweyogerere unashika Northern Bypass, ambayo hailipiwi, inayokuzungusha hadi Busega, na hapohapo ndipo barabara ya Entebbe inapoanzia. Ukimaliza mambo yako Entebbe unarudi Busega na kushika njia ya Masaka. Kwa mpangilio huo, shilingi elfu tano inakuokoa na foleni ambayo ingekula nusu siku yako, na nusu siku ya likizo ina thamani kubwa mno kuiacha kwenye moshi wa magari.

Wapo watakaotaka kuunganisha safari hii na Nairobi, na hao wanapaswa kujua kwamba utaratibu wa kule ni tofauti. Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 hivi kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022 na inatoza kulingana na mahali ulipoingia na mahali unapotokea. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa kati ya shilingi 170 na 500 za Kenya. Mia tano hizo ni takriban elfu kumi za kwetu, si haba, kwa hiyo amua mapema unatokea wapi. Barabara ya chini yake ni ya bure, na asiyekuwa na haraka anaweza kuitumia bila hofu ya kuvunja sheria.

Suala la fedha taslimu ndilo ninalowasisitizia zaidi wanaoniuliza. Vituo vya tozo vina kadi kwa ajili ya wakazi wanaopita kila siku, lakini mgeni anayepita mara moja hahitaji kujiandikisha popote, anahitaji noti ndogondogo za nchi husika. Badili fedha kidogo kwenye duka rasmi la kubadilishia, uhesabu mbele ya mhudumu, na uweke noti za tozo kwenye bahasha yake peke yake ili zisichanganyike na fedha ya chakula. Usitegemee kwamba shilingi ya Tanzania itapokelewa kwenye dirisha la Uganda, kwani majina yanafanana lakini fedha ni tofauti.

Mipakani hatukupata taabu yoyote. Sirari, Busia na Mutukula zote ni vituo vya pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili wamo katika jengo moja, na unasimama mara moja tu badala ya mbili. Beba kadi ya gari, barua ya mwenye gari ikiwa si lako, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ile Kadi ya Njano, yaani bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo kampuni za bima nchini kwetu huiuza ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Gari linapewa kibali cha muda. Kitunze, kwa sababu kitaulizwa unapotoka.

Baada ya hapo ni raha. Kisumu tulikula samaki mzima wa kukaanga kwa ugali, tukiwa tumekaa ufukweni na kutazama upande mji wetu uliko, ng'ambo ya maji tusiyoweza kuyaona mwisho wake, na watoto wakabishana kama ni mtamu kuliko sato wa Kirumba, kwetu Mwanza. Jinja tulivuka daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka 2018, lenye nyaya ndefu zilizotandazwa kutoka nguzoni, na hakuna aliyetudai hata senti. Mume wangu, ambaye ni mpenzi wa historia, aliwaeleza watoto kwamba mwaka 1858 mvumbuzi Mwingereza John Speke alilitazama ziwa hili akiwa upande wetu wa Mwanza, na kwamba ilimchukua hadi 1862 kufika hapo Jinja mto unapotokea. Sisi tulikuwa tumekwenda kutoka mahali pale hadi pale kwa starehe, tukiwa na mkaa wa kuchomea mahindi kwenye buti. Kwenye njia ya Masaka, pale Kayabwe, tulisimama kwenye mstari wa Ikweta kama kila mpita njia afanyavyo.

Kisha tukakutana na jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kutoka Masaka ukikata kwenda Bukakata, kuna kivuko kinachokwenda Luku katika kisiwa cha Bugala, kwenye visiwa vya Ssese, na kivuko hicho kinabeba watu na magari bure kabisa. Kwa mtu wa Mwanza, aliyezoea barabara ya bure na kivuko cha kulipia, Uganda imeyageuza mambo juu chini. Nilisimama kwenye sitaha nikiwaza kwamba kama tungeisikiliza ile hofu ya elfu tano, tusingefika mahali ambapo serikali inakuvusha ziwa bila kukudai kitu. Bugala kuna misitu inayoshuka hadi majini na fukwe nyeupe zilizotulia. Mwenye nafasi alale huko, asipite tu.

Kurudi kupitia Mutukula ni njia nyepesi. Unavuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja la zamani lilivunjwa katika vita vya 1978, unalala Bukoba ukitaka, na siku inayofuata unateremka hadi Geita na Sengerema. Mwisho kabisa hulazimiki tena kupanga foleni Busisi ukisubiri kivuko, kwa sababu tangu Juni 2025 kuna Daraja la John Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na safari iliyokuwa ikikwama kwenye maji sasa inapita juu yake kwa dakika chache. Kwa wanaopanga kuondoka likizo ijayo, ninashauri mzunguke kwa uelekeo huu tuliotumia sisi, kuanzia Sirari na kumalizia Mutukula, ili mfike Entebbe mkiwa mmeshazoea fedha na barabara za jirani, na chenji ya Uganda itakayobaki muibadili Mutukula kabla ya kuvuka.