Nimeacha kazi kwa ajili ya kete 64 za bao

Juzi mama kanipigia simu kaniuliza, "mwanangu, hiyo kazi yako mpya wanakulipa lini?" nikanyamaza muda mrefu mpaka akadhani mtandao umekata. Sikuwa na jibu fupi, ndo maana naandika hapa.

Mi nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja hapa Dar, miaka sita, mshahara unaingia kila mwezi, watu wazuri tu. Mwezi wa pili nikaandika barua, nikatumikia notisi yangu ya siku 28, nikakabidhi laptopu ya ofisi nikarudi nyumbani. Mke wangu tulishakaa tukapiga hesabu mapema, akiba yetu inafika miezi kumi, kodi ya nyumba tutachangia na mshahara wake, na sasa hivi tupo mwezi wa saba kati ya hiyo kumi.

Natengeneza gemu ya bao ya kwenye simu. Bao lenyewe, bao la Kiswahili, mistari minne ya mashimo manane manane, sio ile ya mashimo sita sita ambayo ukitafuta kwenye simu ndo inajaa. Nimekulia Tanga, baba mkubwa alikuwa na bao lake kibarazani na kete za komwe, zile mbegu ngumu, zimesugulika mpaka zinang'aa, na kila jioni baada ya laasiri watu wanakaa pale, mi mtoto kazi yangu kuokota kete zinazodondoka chini. Sasa hivi wale wazee wanapungua na watoto wa pale pale mtaani hawajui hata namua, hatua ya kwanza ya mchezo, inaanzaje, kwamba unaweka sita kwenye nyumba, lile shimo kuu, mbili na mbili pembeni yake, zinabaki 22 mkononi na unaziingiza moja moja mpaka ziishe ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili. Hiyo inaniuma kweli.

Kwenye programu nikadhani kazi kubwa itakuwa sheria, na kweli sheria ya takasia, ile ya kumfungia mwenzio shimo asilicheze, imenila wiki tatu, kwa sababu kila mzee niliyemuuliza alikuwa na nyongeza yake na wote wanabishana wakiwa wamesimama. Lakini kilichonitesa zaidi ni sauti.

Nilienda Tanga kurekodi. Nikasubiri usiku bodaboda zipungue, nikaweka simu karibu na bao la baba mkubwa, nikawa nadondosha komwe moja moja, kwenye shimo tupu, kwenye shimo lenye kete tatu, kwenye shimo lililojaa, kwa sababu kila moja inalia tofauti, ya kwenye shimo tupu inagonga mti na ya kwenye shimo lililojaa inagonga wenzie. Nikaziweka kwenye gemu, nikampa baba mkubwa simu acheze. Akacheza mitaji miwili (mtaji pia ni zamu moja ya kusambaza kete shimo kwa shimo), akafumba macho akasikiliza, akasema, "Kete haziangukii hivi baba. Kete zinahesabika."

Ikanichukua usiku mzima kumuelewa. Mchezaji wa bao anasikia mtaji unakoishia kabla hata kete ya mwisho haijatua, na mimi nilikuwa nazimwaga haraka haraka ili mchezo uende mbio. Nikapunguza kasi, kila kete ikapata nafasi yake, sasa mtaji mrefu wa kete arobaini ukawa unachukua sekunde nane na vijana wakasema inachosha. Mwishoni nikaweka hivi: inaanza taratibu, na ukigusa skrini inakimbia. Baba mkubwa hagusi kamwe.

Kuhusu hela, kwa yeyote anayefikiria njia hii: injini ninayotumia, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni Godot, ya bure kabisa na haidai asilimia ya mauzo. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja, ya Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo nimeanza na Android, na hata hivyo karibu kila mtu ninayemlenga ana Tecno au Itel yenye memori ndogo. Google wanachukua asilimia 15 ya unachouza mpaka ufikishe dola milioni moja kwa mwaka. Bado sijauza hata shilingi.

Na kuna hili la wajaribuji. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima iwe na watu 12 wanaojaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuiweka hadharani. Mimi nilitaka wawe wazee wa bao, sio marafiki zangu wa kompyuta, kwa sababu mzee akikosewa sheria anakwambia hapo hapo. Lakini wengi wao wana kitochi, na wenye simu kubwa imeili walifunguliwa na wajukuu, neno la siri hawalijui. Nimezunguka Magomeni, Kariakoo na Temeke, nakaa barazani, nakunywa kahawa, naweka gemu kwenye simu moja moja huku mwenyewe akiniangalia mikono. Nimewapata 12 kamili, hakuna wa ziada.

Leo ni siku ya tisa. Mzee mmoja wa Magomeni kanunuliwa simu mpya na mwanae jana, kwa hiyo kesho baada ya alfajiri niko kwake kumwekea gemu kabla hajatoka kwenda sokoni.