Twita Mbili Ziliungua Kabla Sijaigeukia Amplifaya

Binti yangu ndiye aliyegundua kwanza tatizo la spika zetu za sebuleni. "Baba, huku kushoto mwimbaji kama kafunikwa blanketi," aliniambia, nami sikumsikiliza kwa siku mbili tatu kwa sababu besi ilikuwepo na spika zote mbili zilikuwa zinalia. Nilipokuja kusogeza sikio karibu, nikakuta herufi "s" imepotea kabisa katika maneno ya wimbo. Matoazi hayasikiki. Spika ya kulia ilikuwa na kila kitu.

Nilizima amplifaya, nikachomoa plagi ukutani, nikabadilishana nyaya za spika pale nyuma: wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia nikauleta kushoto. Pale kushoto palikuwa na waya mwingine wa ziada, nikauacha palepale bila kuufikiria. Kama ubovu ungehamia spika ya pili, ningejua unatoka kwenye amplifaya au kwenye chombo kinacholisha muziki. Haukuhama. Nikabadilisha waya, bado. Basi ni spika yenyewe. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na bado wengi huanza kufungua skurubu kabla ya kulifanya.

Nikachukua maltimita, nikapima kwenye vituo vya nyuma ya kasha, pale nyaya zinapofungwa. Omu 6.1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7 hivi, kwa kuwa maltimita hutumia mkondo mnyoofu kama wa betri, ilhali ile 8 ni makadirio ya ukinzani wakati muziki unapita. Nikaridhika kwamba ndani kuko salama, na nikapoteza jioni nzima nikihamisha spika kutoka kona hadi kona. Kumbe 6.1 ilikuwa ya wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, peke yake. Kati ya vituo na twita, ile ndogo ya sauti za juu, kuna kapasita, na kapasita haipitishi mkondo mnyoofu. Twita inaweza kuwa imekufa siku nyingi na kipimo cha nyuma kisikuambie lolote. Ni lazima ufungue, uchomoe waya mmoja wa twita, uipime yenyewe.

Nikafungua. Shika bisibisi kwa nguvu unapofika hapo, maana sumaku ya wufa huivuta ghafla, na ncha yake ikigusa koni inaitoboa. Nilianza na wufa kwa sababu ilikuwa mbele yangu. Niliisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa, nikisikiliza kama koili, waya uliozungushwa nyuma yake, inakwaruza. Kimya. Nikagusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, koni ikasogea mbele na kutoa mlio mfupi. Wufa nzima. Jaribio hilo la betri usilifanye kwa twita.

Twita haikutoa kipimo chochote, kana kwamba nimepima hewa. Koili imekatika. Kapasita niliipima pia, ikasoma karibu sana na kilichoandikwa, nikaiacha.

Nilitafuta twita ya aina ileile, si inayofanana tu. Ikiwa na ukinzani tofauti, krosova, yaani sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita, itaigawia sauti mahali pasipokusudiwa. Ikiwa inalia kwa nguvu zaidi au kwa unyonge kuliko mwenzake, upande mmoja utakuwa mkali kuliko mwingine. Kabla ya kuyeyusha lehemu ya zamani nilipiga picha ya waya upi ulikuwa wapi, kwa sababu katika krosova nyingine twita hufungwa kinyume kwa makusudi, na fundi anayedhani anarekebisha kosa ndiye anayeliingiza. Nikalehemu, nikafunga, matoazi yakarudi. Nilisikiliza albamu mbili mfululizo usiku ule nikiwa na furaha ya kweli.

Wiki ya tatu tulikuwa na wageni, muziki ukapandishwa karibu mwisho. Asubuhi yake blanketi lilikuwa limerudi, upande uleule.

Nilishuku twita mpya. Nikaona nimeuziwa kitu kibovu, na nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia muuzaji. Kilichonizuia ni mkono wangu. Nilipoiinua amplifaya kufuta vumbi, muda mfupi baada ya kuizima, bapa la kupozea la upande wa kushoto lilikuwa la moto kiasi cha kutoshikika, la kulia vuguvugu tu. Muziki ni uleule, sauti ni ileile. Kwa nini upande mmoja ufanye kazi ngumu kuliko mwenzake?

Nikaufuata ule waya wa ziada. Ulipita ukutani hadi jikoni, kwenye spika ndogo niliyoifunga zamani ili tusikie habari tukipika. Niliichomeka kushoto kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Nyuma yake pameandikwa omu 4. Spika ya sebuleni ni omu 8, na zikiungwa sambamba unazidisha mbili hizo kisha unagawa kwa jumla yake: 32 gawa kwa 12, kama omu 2.7. Nyuma ya amplifaya, kwa maandishi madogo niliyoyaona kwa miaka bila kuyasoma: omu 8 hadi 16.

Ukinzani ukishuka hivyo, amplifaya inadaiwa mkondo mara tatu ya ule iliouzoea. Ina wati 25 kwa kila upande, haikuwa na pa kuutoa. Hapo mawimbi ya sauti hukatwa vichwa: kilele cha mviringo kinakuwa bapa, na zile kona kali huzaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo. Krosova haijui kutofautisha, inazipeleka zote kwa twita. Koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele, na katika muziki safi hupata sehemu ndogo tu ya nguvu. Inachemka, inakatika. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyolemewa inaweza kuua twita ambayo amplifaya kubwa isiyolemewa ingeiacha salama. Mimi niliamini kinyume chake kwa miaka mingi, kwamba wati chache ndiyo usalama.

Niliondoa spika ya jikoni, kisha nikakaa na kalamu kupiga hesabu ya amplifaya mpya. Spika zangu, zikipewa wati 1, hutoa desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita 1. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na mara kumi unapata 10. Kwa wati 25 nafika kama 100. Ninakaa mita 4 kutoka kwenye spika. Mahali pa wazi umbali huo ungeniondolea desibeli 12, ndani ya chumba zinapungua chini ya hapo. Kwa kusikiliza kawaida inatosha kabisa. Lakini ngoma inaweza kuruka desibeli 10 au zaidi juu ya wastani wa wimbo, na chumba kikijaa watu unapandisha sauti, nafasi ya kuruka inakwisha. Kutoka wati 25 kwenda 50 kungenipa desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaiona lakini haishangazi. Kwa hiyo sikutazama wati peke yake. Amplifaya niliyoichagua ina wati 60 kwa omu 8, na imeandikwa kwamba inabeba hadi omu 4, kwa spika zinazokubali wati 80.

Twita ya tatu nililehemu nikiwa na picha ileile mbele yangu. Wageni wamekuja tena mara kadhaa tangu hapo, na kila wanapoondoka naweka viganja vyangu juu ya amplifaya, kimoja kila upande. Joto ni sawa. Ile spika ya jikoni sasa ina kiamplifaya chake kidogo kinachokubali omu 4, na waya wa ukutani nimeuvuta wote nikauviringisha.