Nimegombea kamati ya shule kwa sababu ya debe moja

Nina mashine ya kusaga hapa kijijini, wilaya ya Chamwino. Mwezi wa saba watu wanakuja na madebe ya uwele na mahindi, foleni inafika barabarani. Ukifika mwezi wa pili, mtu analeta sado moja, mwingine nusu sado amefunga kwenye pindo la kanga. Simuulizi mtu kama njaa imeingia kwake, nimeshaiona kwenye mzani.

Februari mwaka huu mtoto wa darasa la tatu alikuja kusimama mlangoni kwangu saa saba mchana. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, leo hamjala shuleni?" Akajibu, "Wenzangu wamekula. Mimi jina langu halipo." Mama yake hakuwa ametoa debe la mchango wa chakula, basi wakati wa makande mtoto aliambiwa akae pembeni chini ya mwarobaini. Nilimpa uji. Usiku sikulala vizuri.

Mpango wa elimu bila ada, msingi hadi kidato cha nne, ulianza 2016, na nashukuru, wanangu wawili wamesoma kwa utaratibu huo. Lakini ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haiwezi kupika makande. Chakula ni makubaliano ya wazazi, na makubaliano hayo yanapita kwenye kamati ya shule. Ndiyo maana muda wa kamati ya zamani ulipokwisha, nilipeleka jina langu.

Mume wangu aliuliza swali moja tu: siku za vikao nani atakaa mashineni? Tukakubaliana atakaa shemeji yangu.

Mkutano ulikuwa Mei, chini ya mbuyu, upepo wetu wa Dodoma ukipeperusha kanga na makaratasi ya mwalimu mkuu. Nikawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kisha nikasema niliyokuja kusema. Mchango wa debe tunaudai Januari, shule zikifunguliwa, wakati ghala la nyumbani linalia. Tuudai Juni na Julai, mavuno yakiwa uani. Na anayelima uwele alete uwele, kwani mvua zetu haziyapendi mahindi, sote tunajua.

Mzee mmoja aliyekuwa akigombea pia, mtu ninayemheshimu sana, akasimama. "Mama wa mashine, nafaka ikae shuleni miezi yote hiyo? Umesahau sumukuvu?" Watu wakanyamaza. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hakuna wa kulichukulia jambo hilo kwa wepesi.

Swali lilikuwa la haki, na nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa chupa kavu ya kioo, nikatia punje za mahindi na chumvi kavu, nikafunga, nikatikisa, nikaiacha itulie kama robo saa huku wengine wakijieleza. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Ikianguka chini, yamekauka. Nikampa mzee aishike mwenyewe. Ilikuwa imeanguka. Nikaeleza na mengine: kuanika juu ya turubai, si ardhini, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, kisha kuhifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo inaua wadudu, lakini haikaushi nafaka mbichi. Hapo nilirudia mara mbili, maana ndipo watu wanapokosea.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Nafasi zilikuwa zaidi ya moja, nikapita mimi, akapita na mzee.

Sasa tunapokea. Kila debe linapita kwenye chupa kabla ya kuingia stoo, na mzee ndiye anayetikisa. Juzi alirudisha mahindi ya jirani yake mwenyewe.

Kilichobaki ni yale majina. Nimeomba kwenye kikao kwamba mtoto asiondolewe kwenye sahani kwa deni la mzazi. Mzazi asiye na nafaka alete kuni au achote maji ya jikoni, na deni tulizungumze sisi watu wazima. Wajumbe wawili wanasema tukifanya hivyo hakuna atakayetoa. Nimewaomba waje mashineni Februari wakae nami siku moja, waone watu wanavyoleta hiyo nusu sado. Mmoja amekubali kuja. Mwingine bado namfuata.